Nyuma ya Mtungi

Mama,

Jana nimelala. Nasema kulala, si kule kujigeuzageuza kitandani nikisikiliza ziwa. Tumpe alikuja kunitikisa jua limeshapanda juu ya milima ya Wakinga, akanishika paji la uso akidhani homa imenianza. Nikamwambia niache, mdogo wangu, siumwi, nimepona.

Ugonile, Mama, umelalaje? Najua si salamu ya kumpa mtu aliyelala moja kwa moja, lakini ndiyo niliyo nayo, na wewe mwenyewe ulisema asiyesalimia hata ugali asipewe. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia kuwaamkia askari na kugombana na wauza chumvi. Usinicheke. Kikisi chetu bado hakina kitabu, nikijaribu kukiandika kalamu inanigomea. Na kusoma hukujua, hilo silisahau. Mtafute mtu huko akusomee, hapawezi kukosa mtu. Akisoma vibaya mkosoe kama ulivyokuwa unanikosoa mimi.

Nina habari moja kubwa na nyingine ndogondogo. Hiyo kubwa ni kwamba tumepata kilichokuwa nyuma ya mtungi wako.

Ngoja. Nikianzia hapo utasema nimerukia mboga kabla ya ugali. Nianze mwanzo.

Unaukumbuka mwaka ule misheni ilipoleta somo la kuchora kwa sisi wa darasa la juu. Bwana Mwalimu alitangaza baada ya ibada kwamba kila Jumatano, wavulana na wasichana waliomaliza vitabu vya kwanza watafundishwa kuchora kwa macho na kwa mkono, maana kanisa linataka mafundi wa kupamba na ofisi za Wajerumani zinataka watu wa kuchora ramani. Wasichana tulikuwa wanne tu. Nilirudi nyumbani mbio kukueleza, nikakukuta umepiga magoti kwenye udongo, mikono imezama mpaka viwikoni. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema: "Kwa hiyo unakwenda kusomea kuchora? Na mimi niliyechora mitungi tangu sijaota maziwa, nilisomea wapi?" Tumpe akacheka mpaka akaangusha jiwe lake la kulainishia. Mimi nikanuna. Siku ile nilinuna mpaka chakula cha jioni, na wewe ukaendelea kuniita mwanafunzi wa mtungi.

Lakini hukunizuia. Ulijua mikono yangu haina udongo. Kila nilichofinyanga kilipasuka motoni, na kisichopasuka kilisimama upande kama mlevi. Ulishalia na mimi, ukachoka, ukasema Mungu hagawi mikono kwa kupima, Tumpe amepewa ya kwake na ya dada yake. Basi ukaniachia shule.

Siku ya kwanza ya somo Bwana Mwalimu aliweka mtungi mezani. Wako, Mama! Ule alioupata kwako kwa ajili ya maji ya kunywa, mpya, alama nyeupe bado zinang'aa. Mwenzio nikavimba kichwa. Akagawa karatasi, moja moja, akatuambia karatasi inatoka mbali kwa meli kwa hiyo tusifanye mchezo. Kisha akasema: choreni mnachokiona.

Nikasimama. Nikaanza kuizunguka meza.

Mama, ningefanyaje? Tangu natambaa nakuona wewe unachora. Mtungi mkubwa hauzungushwi, anayezunguka ni mwenye mtungi. Unaweka udongo mweupe kwenye kigae, unatafuna ncha ya kijiti mpaka inakuwa laini, halafu unauzunguka mtungi hatua kwa hatua, umeinama, umeng'ata ulimi, mfupa wa samaki, mawimbi, mfupa wa samaki, mawimbi, mpaka unarudi ulipoanzia. Mimi sikujua kuna namna nyingine ya kuuona mtungi. Kwa hiyo nilizunguka meza na karatasi mkononi, nikachora kila nilichokikuta njiani, na mchoro wangu ukatoka mrefu, umelala chini, umetandazwa kama mkeka. Nilimaliza wa kwanza. Nikaketi nikisubiri kusifiwa.

Bwana Mwalimu aliutazama mchoro ule muda mrefu. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Aliniuliza taratibu, mtungi uko wapi hapa? Nikamwonyesha. Akasema hapana, kutoka kitini pako unaona upande mmoja tu, nyuma huoni, na usichokiona usikichore. Akachukua kalamu nyekundu akakata mstari kutoka kona hadi kona. Hapo ningevumilia. Lakini alichofanya baadaye, Mama, ni kuupachika mchoro ule ukutani karibu na dirisha, pembeni ya mchoro mzuri wa kijana mmoja wa Bujonde. Ule wa kijana aliandika chini yake, ndiyo. Wangu aliandika, siyo. Ili kila anayeingia darasani aone kosa linavyoonekana.

Sikukwambia. Hii ndiyo mara ya kwanza nakwambia. Uliponiuliza siku ile tumechora nini, nilisema tumechora mti. Niliona aibu kwamba mtungi wako umetundikwa kama kosa, na zaidi niliona aibu kwamba kosa lenyewe nimelitoa kwako. Wenzangu walinitania wiki nzima, wakipita wanazunguka dawati langu wameinama. Tangu siku hiyo sikuutazama tena ukuta ule. Naapa, Mama, nilikaa darasa lile zaidi ya miaka miwili nimeupa mgongo.

Na nikajifunza. Weee, nilijifunza! Nilikuwa mkaidi, unanijua. Nikajua kivuli kinaangukia wapi, nikajua mdomo wa mtungi ukiutazama kwa pembeni hauwi duara. Mwaka wa pili Bwana Mwalimu alisema mimi ndiye mwenye jicho kuliko wote. Nilipokuletea mchoro wa mtumbwi wa Baba ukaushika kwa vidole viwili usiuchafue, ukasema, "Mbona utadhani utaondoka," nikajua sasa nimekuwa mtu.

Sasa naja kwenye lile lililonikaba.

Ulipolala kwa mara ya mwisho, mvua zimekolea, uliniita. Tumpe alikuwa amekwenda kuni. Kando ya kitanda ulikuwepo mtungi mmoja, wa mwisho uliouchora kabla mkono haujaanza kutetemeka. Ulisema: "Subilaga, nichoree huo mtungi kwenye karatasi, Tumpe abaki nayo." Nikakimbilia kalamu. Nikaketi kwenye kigoda, nikachora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora maishani, na kivuli, na mng'ao wa maji mdomoni. Nikakuinua kichwa ukautazama. Ukautazama, Mama, kisha ukaniuliza: "Na nyuma je?"

Na mimi, ee Mungu nisamehe, nilikujibu kwa maringo. Nilisema, Mama, nyuma hakuonekani, mchoraji huchora anachokiona. Ukacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kilipotulia ukasema, "Haya, mwalimu," ukafumba macho.

Siku ya tatu tukakuzika.

Na mtungi wenyewe? Mfinyanzi hulia gaeni, hiyo ni ada ya nyumba yetu. Vizuri vyote ulivipeleka sokoni, sisi tukala kwenye vilivyopinda. Walipofika waombolezaji chakula kikapungua, na jirani mmoja kwa wema wake akauchukua mtungi ule pamoja na vyungu vingine akavibadilisha na ndizi huko Bujonde. Hakuna aliyemwambia asiuchukue. Mimi nilikuwepo, nimeketi na kaniki yangu kichwani, nikauona unapita mlangoni, wala sikufungua kinywa. Ndizi zake nilikula.

Baada ya arobaini Tumpe akashika udongo. Vyungu vyake, Mama, vizuri. Vyepesi, vinalia vikigongwa, havipasuki. Lakini ulipofika wakati wa kuvipaka alama akanigeukia mimi. Unajua kwa nini hakujua. Kila alipoomba kupaka ulimwambia acha kwanza kupasua, kupaka utapaka tu. Na ulikuwa ukipaka asubuhi ya safari, wakati yeye yuko majini anapanga vyungu mtumbwini na nyasi katikati. Alama aliziona kama wanavyoziona wateja, mbele, kwa mbali. Nikampa mchoro wangu mzuri wenye kivuli. Akauegemeza kwenye jiwe, akatafuna kijiti, akaanza. Mfupa, mawimbi, mfupa, mawimbi. Alipofika nyuma mambo yakaharibika. Mfupa wa mwisho ukagongana na mawimbi ya kwanza, nusu ya mfupa ikakosa mahali. Akafuta kwa kiganja chenye maji. Akarudia kwa kuanza upande mwingine. Ikagongana tena. Mtungi wa tatu aliufuta akilia. Akaniambia: "Mama alikuwa na kipimo. Mama alikuwa na kipimo, dada, na alikupa wewe, na wewe hukukipokea."

Ilikuwa kweli. Uliniuliza, na nyuma je, ukanipa nafasi, na mimi nikakufundisha kuchora.

Akavipeleka sokoni vitupu. Mwanamke mmoja wa Ipyana, mteja wako wa siku nyingi, yule mwenye mwanya, aliushika mtungi wa Tumpe, akaugeuza kwanza nyuma, kisha mbele, kisha akaurudisha chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzie. Akasema vyungu ni vizuri lakini si vya mama yenu, hawezi kuviweka mahali pa vile. Tumpe akamwuliza, alama za Mama nyuma zilikuwaje? Yule mama akafikiri, akasema palikuwa na kitu kidogo, kitu cha kuchekesha, lakini si unajua alama hizi hufutika, kiangazi kimoja tu maji na mikono vimekwisha kuzila, ndiyo maana alikuwa akirudi kwako kila mwaka. Kitu gani hakukikumbuka.

Tukatafuta, Mama. Usidhani tulikaa. Tulikwenda Bujonde kuufuata ule mtungi wa ndizi, tukatembea kutwa na miguu ikavimba, tukaambiwa mbuzi ameuvunja. Mbuzi! Nilicheka pale uani mpaka wenyewe wakanionea huruma, maana haikuwa ya kucheka. Vigae walikwisha kuvitupa mtoni. Nyumba nyingine tatu tukaonyeshwa mitungi yako, mmoja mweusi kwa masizi, miwili imesuguliwa mpaka imebaki rangi ya udongo. Nikaenda hata kwa Bwana Mwalimu nikauchungulia ule wa maji yake ya kunywa. Mtupu. Nilisimama kwenye baraza yake nikipapasa mtungi kwa vidole kama kipofu, mpishi akaniuliza kama nina kiu.

Tumpe akaanza kusema ataacha. Atakwenda kulima ndizi huko kwa wakwe zake watarajiwa, udongo hana hamu nao tena. Alilisema kwa utulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi, nilimwambia. Akanijibu kwamba hapa lililovunjika si koleo, ni mhunzi. Miezi sita ikapita hivyo. Kila nikilala naisikia sauti yako, si ya ukali, ile ya kawaida tu ya kuuliza kama chumvi ipo. Na nyuma je?

Sasa sikiliza.

Wiki iliyopita Bwana Mwalimu alishikwa na homa. Darasa jipya la kuchora lilikuwa linaanza, wasichana tisa, fikiria, tisa, kutoka wanne! Akaniita akasema wewe utawafundisha, una jicho na una mdomo. Nikauliza nianze na nini. Akasema anza na kosa, ndivyo mimi ninavyoanza kila mwaka, teremsha lile la ukutani uwaeleze kwa nini siyo.

Unaona mambo? Kila mwaka walikuwa wanaonyeshwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeupa mgongo.

Nikaingia darasani, nikapiga moyo konde, nikaliendea dirisha. Karatasi imekuwa ya manjano, mjusi ametaga nyuma yake. Nikaibandua bila kuitazama sawasawa, nikaiinua juu wasichana waione, nikaanza hotuba yangu: huyu aliyechora hapa alikosea, kwa sababu aliuzunguka mtungi badala ya kuketi. Nilikuwa nimepanga nisiseme ni nani. Ndipo mmoja, msichana mdogo wa umbo mwenye macho makali, akanyoosha kidole akauliza: "Mwalimu, na huyu samaki mdogo ni wa nini?"

Samaki gani? Nilisema hivyohivyo, kwa hasira kidogo. Nikageuza karatasi nikaitazama.

Mama. Ulikuwepo wote. Kutoka mwanzo mpaka mwisho, umetandazwa pale chini ya mstari mwekundu. Mfupa mrefu, mawimbi matatu, mfupa mrefu, mawimbi matatu, moja kwa moja hadi ukingo wa karatasi. Na pale mwisho, mahali ambapo mzunguko unarudi kukutana na ulikoanzia, palipokuwa pamebaki nafasi isiyotosha mfupa wala mawimbi, kuna samaki. Samaki mmoja mdogo, amebanwa, mkia umepinda juu kwa kukosa mahali pa kuunyoosha. Nilimchora mimi kwa mkono wangu bila kujua ni nini, kwa sababu alikuwepo njiani nami nilikuwa nachora kila kilichokuwepo njiani. Halafu nikaona aibu, nikamsahau.

Nilikaa chini. Sakafuni, mwalimu mzima, mbele ya wasichana tisa. Nililia na nikacheka, sijui kipi kilianza. Wakatazamana. Yule wa macho makali akaniletea maji kwenye kata. Nikawaambia darasa la leo limekwisha, na kwamba aliyechora hapa alikuwa mimi, na mtungi ni wa mama yangu.

Nikaenda kwa Bwana Mwalimu na karatasi kifuani. Nikamweleza yote, amelala na kitambaa cha maji kichwani. Akaitaka karatasi, akaitazama tena kama ile siku ya kwanza, muda uleule mrefu. Unamjua, hawezi kushindwa akiwa amelala. Akasema: "Kama picha ya mtungi, bado ni kosa. Kama ramani, ni sahihi kabisa." Kisha akanirudishia akaniambia niende nayo nyumbani. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba anasikitika kwa ule mstari mwekundu. Nikamwambia haujaziba kitu.

Nilikimbia, Mama. Na umri wangu huu, na sketi ya misheni, nilikimbia ufuko mzima. Tumpe alikuwa anamenya muhogo. Nikamwekea karatasi mapajani. Alipitisha kidole, mfupa, mawimbi, mfupa, mawimbi, polepole, akafika kwa samaki. Akainama karibu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika nikadhani analia, kumbe anacheka. Akasema, "Huyu amebanwa! Dada, tazama mkia. Mama hakuwa na kipimo chochote! Alikuwa anakwenda tu, akifika nyuma anajaza palipobaki!"

Ndipo Baba, ambaye alikuwa ameketi palepale anashona wavu wake na wala hakuinua kichwa, akasema: "Wengine walikuwa wanene."

Tukamgeukia. Akaendelea kushona. Akasema siku ukibakiwa na nafasi kubwa samaki alikuwa mnene, siku nafasi ikiwa ndogo alikuwa mwembamba, na mara moja nafasi ilikosekana kabisa ukaweka jicho tu. Kwamba yeye ndiye aliyeibeba mitungi yote hiyo mpaka mtumbwini kwa miaka yote, na kila safari alikuwa anamtafuta samaki wa siku hiyo, na wewe ulijua. Tumpe akapiga kelele: "Baba! Miezi sita tunahangaika, mbona hukusema?" Akasema mambo ya udongo ni ya wanawake, na hamkuniuliza.

Hamkuniuliza! Nyumba moja, Mama, tunakula pamoja kila siku, tumekwenda Bujonde kwa miguu kuuliza mbuzi. Lakini ni kweli hatukumwuliza. Nani aliyewahi kumwuliza mwanamume habari za mtungi? Hata wewe ungeshangaa. Nilimwona anafuta macho kwa ukingo wa wavu, nikajifanya natazama ziwa. Nadhani hakusema kwa sababu samaki yule alikuwa kitu chenu.

Tumpe aliacha muhogo juani ukakauka. Alichora mtungi wake wa kwanza palepale, akizunguka ameinama, ameng'ata ulimi vilevile kama wewe, na alipofika nyuma hakuogopa tena kugongana. Nafasi ilibaki kubwa. Samaki akatoka mnene, ana tumbo kama la mjumbe wa boma, tukamcheka sana. Alichora mitungi kumi na mmoja. Samaki kumi na mmoja, hakuna wawili wanaofanana.

Jana tulivuka nayo sokoni, na mimi nilikwenda. Yule mama wa Ipyana mwenye mwanya alikuja. Hakusalimia hata. Aliinama akaushika mtungi uliokuwa karibu, akaugeuza nyuma, akatazama, akapiga kofi mapajani. "Ehee! Huyu hapa!" Akamwita mwenzake amwonyeshe. Akaugeuza wa pili na wa tatu kuona samaki wake wakoje, kama mtu anayesalimia watoto wa nyumba moja baada ya mwingine. Alichukua mwenye mkia uliopinda. Kisha ndipo akamshika Tumpe mikono yote miwili akasema, "Ndaga, asante mwanangu, pole na msiba." Miezi yote ile hakuwa amempa pole. Tumpe alilia pale sokoni, nami sikumzuia, maana ilikuwa mara ya kwanza analia kwa ajili yako na si kwa ajili ya alama.

Niliporudi nilikula, nikalala. Ndiko kule kulala nilikokwambia.

Hizo nyingine ndogondogo: Mtumbwi wa Baba umezibwa, hauvuji tena. Yule kuku wako mwenye shingo wazi ameatamia mayai kwenye shimo lako la udongo na hatumwondoi. Wakwe wa Tumpe wameambiwa wasubiri mpaka vyungu vya kiangazi viishe, na kama hawataki kusubiri wakatafute mkulima. Hayo ni maneno ya Tumpe mwenyewe. Bwana Mwalimu amepona. Amenipa darasa la wasichana liwe langu kabisa, na ameutundika mchoro wa kiti wa kijana mwingine mahali pa kosa langu, namwonea huruma kijana huyo.

Mama, niliona vibaya kukuandikia kabla sijawa na jibu. Sasa ninalo. Siwezi kukuomba msamaha zaidi ya nilivyokwisha kuomba kaburini, na nimeacha kuomba, kwa sababu nafikiri ulicheka ile siku kwa kunionea huruma, si kwa kuumia. Ulijua nitazunguka tu siku moja. Nimekaa na mawazo hayo na moyo wangu umeyakubali.

Hiki ninakuahidi. Jumatano moja kila mwezi, nitaweka meza katikati ya darasa, na mtungi wa Tumpe juu yake, na hakuna atakayeketi. Wataketi Jumatano nyingine, wajifunze kivuli na mdomo usio duara, maana hayo nayo ni kweli na yamenifaa. Lakini siku hiyo moja watazunguka wote, wameinama, na mimi mbele yao. Na atakayefika mwisho akabakiwa na nafasi asiyojua aijaze nini, nitamwambia habari zako.

Baki na amani, Mama yangu. Barua hii Tumpe ataitia ndani ya mtungi ule wenye samaki mnene, ambao tumekataa kuupeleka sokoni. Ni wa kwanza kukaa nyumbani kwetu na alama zake. Tumeuweka karibu na mlango, na kila anayeingia Baba anamwambia augeuze.

Uliniuliza, na nyuma je. Nyuma kuna samaki, Mama.

Mwanao,
Subilaga